Mbulu na Hanang zinatoa wakimbiaji, lakini ufunguo wa vipaji vyao anao nani?

Septemba 15, 2025 jijini Tokyo, Alphonce Simbu aliingia uwanjani akimfukuza Mjerumani Amanal Petros. Hatua za mwisho akamfikia, wakarusha vifua pamoja, na kamera ikaamua. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Tofauti yao ilikuwa sekunde 0.03.

Hiyo ikawa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika Mashindano ya Dunia ya Riadha. Simu zikajaa picha yake, viongozi wakatuma pongezi, na Singida alikozaliwa ikatajwa kila kona.

Sasa chukua namba nyingine: 3:32.16. Huo ni muda wa mita 1,500 aliokimbia Filbert Bayi huko Christchurch, New Zealand, Februari 2, 1974, akavunja rekodi ya dunia. Bayi alizaliwa Karatu, eneo ambalo enzi hizo lilikuwa ndani ya Wilaya ya Mbulu.

Ili kufuzu kwa muda kwenye mbio hizo za mita 1,500 kule Tokyo mwaka 2025, mwanaume alitakiwa kukimbia 3:33.00. Maana yake, muda wa Bayi wa mwaka 1974 ungempa tiketi ya Tokyo. Na hadi leo hakuna Mtanzania mwingine aliyewahi kukimbia haraka kuliko huo.

Namba hizi mbili, 0.03 na 3:32.16, zinaeleza ishu nzima. Ya kwanza inaonyesha kipaji bado kipo. Ya pili inaonyesha kuna kitu kilikatika njiani, na hakikukatika kwenye miguu ya vijana.

Ukanda ambao haujawahi kukauka

Ukitoka Karatu ukashuka Mbulu, ukapita Dongobesh na Haydom, kisha ukazunguka Mlima Hanang hadi Katesh na kuingia Singida, umekatiza ukanda uliotoa sehemu kubwa ya wakimbiaji wa mbio ndefu wa Tanzania.

John Stephen Akhwari ni wa Mbulu. Oktoba 20, 1968 huko Mexico City alianguka katika marathoni ya Olimpiki, akaumia goti, akafungwa bandeji na kuendelea hadi mwisho. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57, yeye akiwa wa 57. Dunia inamkumbuka kwa hilo. Kinachosahaulika ni kwamba miaka miwili baadaye, Edinburgh 1970, alikuwa wa 5 katika marathoni ya Jumuiya ya Madola. Hakuwa mtu wa kuhurumiwa. Alikuwa mkimbiaji wa kiwango cha juu.

Gidamis Shahanga ni wa Katesh, Hanang. Mwaka 1978 alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton, Kanada. Mwaka 1982 akaongeza dhahabu ya mita 10,000 huko Brisbane, Australia. Mwaka 1984 akashinda marathoni ya Rotterdam.

Mwaka 2005, Edmonton hiyohiyo, kijana mwingine wa Manyara, Fabiano Joseph Naasi wa Babati, akawa bingwa wa dunia wa nusu marathoni, mashindano yaliyofanyika peke yake.

Kisha akaja Gabriel Geay wa Mbulu. Desemba 2022 huko Valencia alikimbia marathoni kwa saa 2:03:00, rekodi ya taifa, akishika nafasi ya 2 nyuma ya marehemu Kelvin Kiptum wa Kenya. Aprili 2023 akawa wa 2 Boston, katika mbio ambazo Eliud Kipchoge alimaliza wa 6.

Kwa hiyo tusidanganyane. Ukame wa vipaji haupo. Kila kizazi kimetoa mtu wake. Swali ni kila mtu huyo alifika juu kwa njia ya nani.

Miaka 20 dhidi ya miaka 33

Tazama umri. Bayi alivunja rekodi ya dunia akiwa na miaka 20. Shahanga aliposhinda Edmonton 1978 naye alikuwa na miaka 20. Simbu alipata dhahabu ya dunia akiwa na miaka 33.

Kuna sababu ya kawaida: marathoni ya leo ni mchezo wa watu wazima, na mwili unahitaji miaka mingi kuizoea. Lakini hiyo haitoshi kueleza kwa nini Tanzania haina tena kijana wa miaka 20 anayetisha kwenye mita 1,500, 5,000 au 10,000. Kenya, Uganda na Ethiopia wanao kila mwaka.

Wakati wa Bayi serikali ilikuwa imeubeba mchezo mgongoni. Baraza la Michezo la Taifa, BMT, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Kijana aliyeonekana kwenye mashindano angeweza kuchukuliwa na jeshi, akapewa ajira, kocha na safari. Wengine, kama Shahanga na Suleiman Nyambui, walipata nafasi ya kusoma Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso, Marekani, na kukimbilia timu ya chuo.

Mfumo huo haukuwa malaika. Siasa iliyompandisha mkimbiaji ndiyo hiyohiyo iliyoweza kumzuia. Mwaka 1976 Tanzania iliungana na nchi nyingine za Afrika kususia Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Pambano lililosubiriwa na dunia nzima kati ya Bayi na John Walker wa New Zealand halikufanyika. Walker akachukua dhahabu.

Sababu ya kususia ilikuwa ya haki. Lakini bili ililetwa kwa mkimbiaji. Miaka minne baadaye, Moscow 1980, Bayi alipata fedha kwenye mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Nyambui akapata fedha kwenye mita 5,000. Hizo mbili ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata hadi Paris 2024.

Kwa nini wote wamekimbilia marathoni?

Hapa ndipo penye jibu la mambo mengi. Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021, wanariadha wote wa Tanzania walikuwa wa marathoni. Paris 2024, wanariadha wanne, wote wa marathoni tena. Hakuna hata mmoja aliyekimbia kuzunguka uwanja.

Wengi wanaona hilo ni suala la asili: Watanzania ni watu wa marathoni. Siyo kweli. Bayi, Nyambui na Shahanga wote walipata medali kubwa uwanjani.

Tofauti iko kwenye nani anahitajika ili mkimbiaji afanikiwe.

Marathoni unaweza kuipambania karibu peke yako. Barabara ya vumbi ipo. Kilima kipo. Ukipata muda mzuri kwenye mbio za ndani, wakala anakuona, anakutafutia mwaliko nje, unakimbia, unalipwa. Chama cha riadha kinaweza kuwa kimelala na wewe ukafika.

Mbio za uwanjani haziendi hivyo. Kijana wa mita 1,500 anahitaji uwanja wenye vipimo sahihi, viatu vya spaiki, kocha anayejua mbio za kasi, na mashindano mengi kwa mwaka yenye saa za umeme zinazotambuliwa na Shirikisho la Riadha la Dunia. Bila muda unaotambuliwa hawezi kufuzu, hata kama ana mapafu ya farasi. Na hakuna kijana wa Endasak anayeweza kujiandalia mashindano hayo.

Hiyo ni kazi ya chama, wizara na halmashauri. Ndiyo maana uwanja uliobaki mtupu ni ripoti ya utendaji. Marathoni inapima mkimbiaji. Mbio za uwanjani zinawapima wenye mamlaka.

Angalia miundombinu tu. Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, una njia ya kukimbilia ya tartani. Kutoka Katesh hadi huko ni zaidi ya kilomita 700, tena usawa wa bahari kwenye joto na jasho. Kijana aliyezoea baridi ya Hanang anaweza kumaliza shule nzima bila kukanyaga tartani hata siku moja.

Nani hasa ana nguvu?

Mkimbiaji kijana wa Mbulu au Hanang anapita mikononi mwa watu wengi. Kila mmoja ana kipande cha mamlaka. Hakuna anayewajibika kwa safari nzima.

Shule. Mlango wa kwanza ni UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, michezo inayosimamiwa na TAMISEMI pamoja na wizara za elimu na michezo. Mtoto anakimbia shuleni, anapanda kata, wilaya, mkoa hadi taifa. Ni mtandao mkubwa sana, na hakuna klabu binafsi inayoweza kuufikia. Tatizo ni siku inayofuata. Michezo ikiisha mtoto anarudi darasani, na aliyemfundisha ni mwalimu wa somo jingine mwenye filimbi shingoni na moyo wa kujitolea. Mashindano yapo. Malezi baada ya mashindano ndiyo hayapo.

Chama. Riadha Tanzania, RT, ndiyo yenye uwezo wa kuteua timu ya taifa na kumwombea mkimbiaji nafasi kimataifa. Viongozi wake wanachaguliwa kwenye mkutano mkuu unaokusanya wajumbe wa vyama vya mikoa. Hapo siasa inaingia. Anayetaka uongozi anahitaji wajumbe, na wajumbe hawatoki Mbulu na Hanang tu. Mgombea anaweza kushinda bila kufanya lolote kwa ukanda unaotoa wakimbiaji, na anaweza kushindwa akiwa amefanya mengi. Kijana anayeamka saa 11 alfajiri kukimbia hana kura.

Majeshi. Huyu ndiye mlezi halisi wa riadha ya Tanzania. Simbu ni askari wa JWTZ, na majina mengi makubwa ya marathoni yamepita jeshini, Polisi, Magereza au JKT. Ajira ya jeshi inampa mkimbiaji vitu vitatu ambavyo kijijini hana: mshahara, muda wa mazoezi na matibabu. Lakini jeshi lina kazi yake ya msingi, halikuundwa kulea watoto wa miaka 14. Linamchukua aliyekwisha kuonekana. Anayechelewa kuonekana anabaki nje.

Wakala na wadhamini. Wakala ndiye anayejua mbio gani zinalipa. Mdhamini ndiye anayeweza kubadilisha maisha kwa mkataba mmoja. Baada ya Simbu kushika nafasi ya 5 kwenye Olimpiki ya Rio 2016, MultiChoice Tanzania ilimdhamini kwenye maandalizi yake, na Agosti 2017 akarudi na shaba ya dunia kutoka London. Huo ni ushahidi kwamba pesa kidogo iliyotulia, kwa mtu sahihi, inazaa. Lakini mdhamini naye huja baada ya jina kutoka. Hakuna anayemdhamini mtoto wa darasa la sita.

Halmashauri. Ina maafisa utamaduni na michezo, ina viwanja vya shule, ina mapato ya ndani. Ndiyo iliyo karibu kuliko wote. Pia ndiyo ambayo kwa kawaida ina bajeti ndogo kuliko wote upande wa michezo, na hata hiyo ndogo mpira wa miguu unaivuta. Kombe la mbunge au la diwani, mara nyingi, ni jezi na mipira.

Ukiwapanga hivyo unaona jambo moja: mwenye kumfikia mtoto hana pesa, na mwenye pesa anamsubiri mtoto akue.

Wakimbiaji wakiingia ofisini, je?

Kuna hoja maarufu mtaani: shida ni wanasiasa, wapeni wakimbiaji wenyewe chama. Ni hoja tamu, ila historia haiiungi mkono moja kwa moja.

Kweli, wanasiasa wamekuwepo. Anthony Mtaka alikuwa Rais wa RT huku akiwa Mkuu wa Mkoa wa Simiyu. Faida yake ilikuwa wazi, kwani mkuu wa mkoa akipiga simu inapokelewa. Hasara yake pia iko wazi: mchezo unategemea nguvu ya cheo cha mtu, na cheo kikihama nguvu inahama nacho.

Lakini wakimbiaji nao wameshika vyeo. Nyambui aliwahi kuwa Katibu Mkuu wa chama cha riadha. Bayi alikuwa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania, TOC, kwa miaka mingi. Marehemu Wilhelm Gidabuday, mwanariadha aliyejulikana kwa kusema bila kupepesa macho, naye aliwahi kuwa Katibu Mkuu wa RT.

Wote walijua uchungu wa mazoezi. Na bado uwanja ulibaki mtupu. Maana yake si kwamba walikuwa wabaya. Ofisi yenye muhuri lakini isiyo na fungu la kudumu la vijana haiwezi kufanya muujiza, aikalie mwanasiasa au bingwa wa dunia.

Kwa hiyo mjadala wa "nani awe rais" umekula muda mwingi kuliko mjadala wa "fungu la vijana liko wapi, na nani anakaguliwa".

Miaka mitano ya giza

Sehemu inayoua vipaji vingi ni kati ya miaka 17 na 22. Kijana amemaliza kidato cha nne. UMISSETA haimhusu tena. Jeshi halijamwona. Wakala hamjui. Mwili wake haujafikia marathoni.

Nyumbani kuna shamba la maharage au mifugo, na wazazi wana haki ya kuuliza: unakimbia kwenda wapi?

Wapo wanaokwenda kujitafuta kwenye kambi za Arusha. Wengine wanaingia mapema kwenye mbio za barabarani, kwa sababu ndiko kuna zawadi ya fedha taslimu. Mbio kama Kilimanjaro Marathon, Ngorongoro Marathon kule Karatu na NBC Dodoma Marathon zimefungua soko ambalo zamani halikuwepo. Ni jambo zuri. Ila kijana wa miaka 18 anayekimbia kilomita 21 na 42 mara kwa mara ili alipe kodi ya chumba anaitumia miguu yake kabla haijakomaa. Kasi ambayo angeijenga kwenye mita 1,500 na 5,000 haipati nafasi.

Kwa wasichana mlango ni mwembamba zaidi. Wengi nafasi yao ya mwisho kukimbia kwa ushindani ni shuleni. Shule ikiisha, kazi za nyumbani na ndoa zinakuja haraka kuliko kambi. Halafu angalia kinachowezekana: Septemba 2023, Magdalena Shauri alikuwa wa 3 kwenye marathoni ya Berlin kwa saa 2:18:41, rekodi ya taifa. Kama mmoja kafika huko, ni wangapi waliishia kwenye fainali ya wilaya?

Pikipiki au viatu

Kijana huyo aliyekosa kambi mara nyingi utamkuta kijiweni akiwa na bodaboda. Hili lina sababu ya kisera.

Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana kikiomba pikipiki, hesabu ni rahisi. Pikipiki inaingiza pesa kila siku, mkopo unarudi. Kikundi cha wakimbiaji kikiomba chakula, viatu na nauli ya mashindano, afisa atauliza: marejesho yatatoka wapi? Na yuko sahihi kwa mujibu wa mfumo alionao.

Cha kuchekesha ni kwamba hata mbio za pikipiki za dunia, mchezo wa gharama kubwa, zimeliona tatizo hili. Tangu 2007 kuna Red Bull MotoGP Rookies Cup, mashindano ya vijana wadogo ambapo waandaaji wenyewe ndio wanaotoa pikipiki. Brad Binder wa Afrika Kusini alipita humo, mwaka 2016 akawa bingwa wa dunia wa Moto3, na 2020 akashinda mbio ya MotoGP. Waliona kwamba kila mtoto akisubiriwa anunue chombo chake, wataendesha watoto wa matajiri tu.

Mchezo wa pikipiki umejenga ngazi ya watoto. Mchezo wa miguu, ambao mtoto wa Basotu tayari anao mtaji wake mwilini, haujajenga.

Jirani alifanya nini?

Iten, Kenya, iko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,400. Watu huona milima tu. Wanasahau shule. Mwaka 1976 Brother Colm O'Connell kutoka Ireland alifika St Patrick's Iten kufundisha jiografia, akaanza kunoa wakimbiaji. Mikononi mwake alipita, miongoni mwa wengi, David Rudisha, mwenye rekodi ya dunia ya mita 800. Kilichofanya kazi ni shule moja, mwalimu mmoja aliyekaa miongo mingi, na wanafunzi waliojua mwaka kesho kocha atakuwepo.

Bekoji, Ethiopia, hadithi inafanana. Mji mdogo, kocha Sentayehu Eshetu, na majina kama Derartu Tulu, Kenenisa Bekele na Tirunesh Dibaba.

Si kwamba jirani hana madoa. Kenya imekuwa ikipambana na wimbi kubwa la dawa zilizokatazwa, na wakimbiaji wengi wamefungiwa. Kambi zikichipuka kila kona bila usimamizi, wajanja wanaingia. Hilo ni onyo kwa Manyara pia: kukuza vipaji bila elimu ya dawa ni kujenga nyumba bila mlango.

Bado somo la Iten na Bekoji ni rahisi. Hakuna aliyeanza na uwanja wa mabilioni. Walianza na mtu wa kudumu, mahali pa kudumu.

"Mbona Simbu ameshinda hivihivi?"

Hii ndiyo hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Kama mfumo ni mbovu, dhahabu imetoka wapi? Huenda shida inawakomaza. Huenda pesa nyingi zingewaharibu.

Jibu liko kwenye ile namba ya mwanzo. Sekunde 0.03. Petros angesukuma kifua mapema kidogo, leo tungezungumzia fedha, na wengi wangesema Tanzania imefeli tena. Ushindi wa mtu mmoja kwa upana wa kifua hauwezi kuwa ripoti ya afya ya mchezo wa nchi nzima.

Halafu Simbu hakushinda "hivihivi". Alikuwa na jeshi nyuma yake, aliwahi kupata mdhamini, alikuwa na uzoefu wa Rio, London na Boston, ambako Aprili 2025 alishika nafasi ya 2. Alipata msaada, na msaada ulizaa matunda. Hoja ni kwamba msaada huo uwafikie wengine kabla hawajafika miaka 25.

Cha kuangalia kuanzia sasa

Macho ya nchi yako AFCON 2027, ambayo Tanzania itaandaa pamoja na Kenya na Uganda. Pesa za viwanja zinakwenda huko, na inaeleweka. Lakini kalenda ya riadha nayo haisubiri. Michezo ya Olimpiki ya Vijana imepangwa Dakar, Senegal, kuanzia Oktoba 31 hadi Novemba 13, 2026, na Olimpiki ya Los Angeles ni Julai 2028.

Ahadi zitakuwa nyingi. Mambo manne yatatuonyesha kama kuna aliyesikia.

Kwanza, orodha. Je, watoto waliofanya vizuri UMITASHUMTA na UMISSETA kutoka Mbulu na Hanang wanafuatiliwa kwa majina mwaka hadi mwaka, au orodha inaishia kwenye faili la mashindano?

Pili, shule. Je, kuna sekondari hata moja katika kila wilaya yenye kocha aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, bweni na chakula cha mkimbiaji? Shule moja ikidumu ina maana kuliko semina kumi za siku mbili.

Tatu, mashindano. Je, ukanda wa Arusha, Manyara na Singida utapata mfululizo wa mbio za uwanjani za vijana zenye saa zinazotambulika? Siku kijana wa Mbulu atakapopata muda rasmi wa mita 1,500 bila kwenda Dar es Salaam au Nairobi, kitu kitakuwa kimebadilika.

Nne, siasa. Wagombea wa uongozi wa riadha, ngazi ya mkoa na taifa, waulizwe swali moja kabla ya yote: fungu la walio chini ya miaka 20 ni shilingi ngapi, na limetumika wapi? BMT inasimamia vyama hivi. Ina uwezo wa kuuliza hadharani.

Akhwari alimaliza mbio Mexico akiwa amefungwa goti, na nchi imeifanya hadithi yake somo la uvumilivu. Ni somo zuri. Lakini uvumilivu ni wajibu wa mkimbiaji, na Mbulu na Hanang wameutoa kwa zaidi ya nusu karne. Upande wa pili wa mkataba huo, ule wa wenye ofisi, bado haujasainiwa.

Kesho alfajiri watoto watakimbia tena kwenda shule, kwenye baridi, chini ya Mlima Hanang. Mmoja wao anaweza kuwa na 3:32 miguuni. Kwa hali ilivyo leo, hakuna saa ya kumpima.